Usichome nyasi zote: kwale na shamba lako

Msikilizaji, ukilima Sigino unawajua kwale. Msimu wa kupanda hufukua mbegu za mahindi, na wengi wetu huwaona wezi tu. Lakini vifaranga wao, katika wiki za mwanzo, hula zaidi wadudu, wakiwemo panzi na mchwa.

Kwale hatagi mtini. Hutaga chini, ndani ya nyasi. Tukichoma pori lote la kando ya shamba, mayai huungua na vifaranga hukosa pa kujificha.

Tufanyeje? Kwanza, tusiondoe nyasi zote kwa mara moja. Acha ukanda kwenye matuta na mipakani. Fyeka upande huu mwaka huu, ule mwakani. Nyasi hizo pia hushika udongo maji ya mvua yanapoteremka. Huko Uskoti, baadhi ya wenye mashamba hufyeka kwa zamu hivyo hivyo na kupanda mazao ya kumlisha ndege mweusi wa jamii moja na kwale.

Pili, changanya mahindi na mbaazi au fiwi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani na fiwi hufunika ardhi. Yote mawili huongeza naitrojeni kwenye udongo, na kwale hupata maficho na wadudu.

Ugumu upo: baada ya mavuno ya mahindi, mifugo huachiwa mashambani. Kwa hiyo kaeni mapema na majirani na wafugaji, mkubaliane ng'ombe waingie lini. Mbaazi ikiliwa kabla ya kuvunwa, hasara ni yako na ya kwale pia.