Fimbo iliyokwama nyuma ya mlango Dranya

DRANYA, Koboko

Nyuma ya mlango wa duka moja hapa Dranya kuna fimbo nyeusi ya kuvulia samaki, bado imo ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Haijagusa maji tangu inunuliwe. Mwenye duka ni mama anayepeleka samaki wakavu Kaya na Yei kupitia mpaka wa Oraba. Alikubali nieleze habari ya fimbo hiyo kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitokee gazetini.

Mteja wake wa Juba, ambaye kwa miaka amekuwa akichukua kwake angara na muziri wa Panyimur, alimwagiza fimbo na rili ya kuvulia kwa nzi bandia. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza, na alitaka kujaribu kwenye Mto Nile. Mama alipofika Kampala aliingia dukani, akaeleza anachotaka, akapewa fimbo nzuri na rili inayong'aa. Alilipa, akapanda basi la Koboko. Mteja alipoufungua mzigo alitikisa kichwa: fimbo ni nyepesi mno, rili si ya fimbo hiyo, na mshipi wenyewe haumo. Muuzaji wa Kampala naye akakataa kurudisha fedha. Mtaji wa magunia mawili ya angara ukabaki umeegemea ukuta.

Nimeisikia hadithi hii kwa wafanyabiashara wengine pia, kila mmoja na kifaa chake. Tunajua kupima unga wa muhogo kwa jicho, lakini kifaa tusichokitumia sisi wenyewe tunakinunua kwa rangi yake. Kwa hiyo nitaeleza jinsi fimbo hii inavyochaguliwa, maana anayeanza kuvua na anayeanza kuuza wanakosea mahali pamoja.

Mvuvi wa kawaida anapotupa ndoana, risasi au chambo ndicho kinachovuta mshipi, kama jiwe lililofungwa kwenye uzi. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana, na uzito wake ni kama hakuna. Hawezi kuvuta chochote. Hapa mshipi wenyewe ndio mzito: ni mnene, umepakwa plastiki, na mvuvi huurusha mbele na nyuma kama mchunga ng'ombe na mjeledi wake. Fimbo hupinda kwa uzito wa mshipi, kisha huusukuma. Mshipi ukiwa mwepesi kuliko fimbo, fimbo haipindi. Ukiwa mzito mno, fimbo hulegea na nzi huanguka miguuni mwa mvuvi.

Ndiyo maana kila fimbo ya aina hii imeandikwa namba karibu na mpini. Ile ya Dranya imeandikwa 9 halafu 5. Tisa ni urefu kwa futi, yaani kama sentimita 274. Tano ni namba ya mshipi inaoutaka. Namba hiyo hutokana na uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi, karibu mita tisa: namba 5 ni kama gramu 9, namba 8 ni karibu gramu 14, namba 10 ni gramu 18, na namba 12 ni kama gramu 25. Anayeanza aulize kwanza anakwenda kumvua samaki gani, achague mshipi wa kumbeba nzi wa samaki huyo, kisha fimbo yenye namba ileile. Rili ije mwisho. Wengi wetu tunaanza na rili kwa sababu ndiyo inayong'aa.

Namba 5 si fimbo mbaya. Kwa trauti ni fimbo ya kawaida kabisa, na trauti wapo Kenya, kwenye mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, ambako waliletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini maji ya Nile kwetu ni ya joto, na trauti hawamo. Wamo sangara, na yumo ngassa mwenye meno kama msumeno. Rekodi ya dunia ya sangara aliyenaswa kwa fimbo ni kilo 104, mwaka 2000, katika Ziwa Nasser la Misri, ambalo ni Nile hiihii iliyozuiwa na bwawa. Anayeanza hatampata huyo, lakini hata mtoto wake wa kilo kumi ataivunja namba 5, au ataondoka na mshipi wote.

Kwa ngassa na sangara wadogo ningemshauri mteja wa Juba achukue namba 9 au 10. Anayekwenda kuwatafuta wakubwa chini ya maporomoko ya Murchison anahitaji 12, na mikono yenye nguvu, maana kuirusha hiyo kutwa nzima ni kazi kama ya kulima. Huko pia asisahau kibali cha kuvua cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa kuwa ni ndani ya hifadhi ya taifa. Na popote penye ngassa, kipande cha mwisho kabla ya nzi kiwe cha waya. Nailoni anaikata mara moja.

Sasa rili. Mama alipewa ile yenye kijiti cha waya kinachofunguka na kufungika, inayoning'inia chini ya fimbo za kawaida. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, ila haiwezi kubeba mshipi mnene. Rili ya nzi bandia ni kama kibiringo cha uzi kilicho wazi pembeni, na hukaa nyuma kabisa ya mpini. Kwa trauti ni ghala la mshipi tu, usitoe fedha nyingi. Kwa sangara mambo hubadilika: breki yake iwe laini na yenye nguvu, na chini ya mshipi mkuu iingie mita 150 au zaidi za mshipi mwembamba wa akiba, kwa ajili ya samaki atakayekimbia. Vuta mshipi ukiwa dukani. Breki ikishika kwa kurukaruka, iache hapohapo.

Kwenye boksi la mshipi utaona maandishi kama WF10F. WF ina maana uzito umewekwa mbele, na hiyo ndiyo rahisi kwa anayeanza. Kumi ni namba. F ya mwisho ni mshipi unaoelea; ikiwa S, unazama. Uliza pia kama ni wa nchi za joto. Mshipi wa nchi za baridi kwenye jua letu hulainika na kunata kwenye pete za fimbo.

Fimbo ya vipande vinne ikifungwa huwa kama sentimita 70, inalala ndani ya begi. Ya vipande viwili hufikia karibu mita moja na nusu, na yeyote aliyepanda boda kutoka Koboko anajua yatakayoipata. Iunganishe dukani uone kama maungio yanakaza, na pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi.

Mpakani, beba risiti. Cheti rahisi cha uasili tunachokitumia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya, na fimbo iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kupita Kampala. Nzi bandia ni habari nyingine. Kenya ina mafundi, wengi wao wanawake, wanaowafunga kwa mikono na kuwauza hadi Ulaya na Marekani. Ni bidhaa nyepesi, haiozi, na inajaa kwenye kopo la chai. Nashangaa kwamba sijaiona kwenye meza yoyote Oraba.

Mama wa Dranya aliiuza ile rili kwa mvuvi mmoja wa Panyimur, kwa hasara kidogo. Fimbo imebaki. Kijana wake alipata kamba nene, akafunga kipande cha uzi mwekundu badala ya ndoana, na jioni anafanya mazoezi ya kurusha kwenye uwanja wa mpira huku watoto wakimcheka kwamba anavua nyasi. Mteja wa Juba bado anataka namba 10, na safari hii ametuma picha ya mshipi kwanza. Mama anaondoka wiki ijayo. Namba 5 anaiuza kwa yeyote anayekwenda Nyeri.