Hesabu ya Uvimbe Unaokua

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya saratani iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto wa Afrika. Saratani hiyo, iitwayo sasa limfoma ya Burkitt, hukua kwa kasi ya ajabu: seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa 24 hadi 48.

Mwanafunzi na aanze na seli 1. Ikijigawa zitakuwa 2, kisha 4, kisha 8. Baada ya migawanyiko n zitakuwa 2ⁿ. Migawanyiko 30 huzaa seli zaidi ya bilioni 1, yaani uvimbe wa sentimeta 1 hivi ya ujazo. Migawanyiko 10 zaidi, nao hukaribia kilo 1. Basi uvimbe unapoweza kupapaswa kwa vidole, robo tatu ya safari hiyo imekwisha.

Katika miaka ya 1960 ilionekana, Kampala na Nairobi, kwamba dawa ya saiklofosfamaidi huweza kuyeyusha uvimbe huu kwa siku chache. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto ugonjwa ulirudi. Kwa nini?

Jibu moja lilitokana na panya. Mwaka 1964 Howard Skipper na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba dozi moja ya dawa huua sehemu ileile ya seli, wala si idadi ileile. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, dozi huua seli 999 katika kila 1,000. Kati ya bilioni 1 itabaki milioni 1. Machoni uvimbe haupo tena, na mtoto anacheza. Lakini seli hizo, zikiongezeka maradufu kila siku, zitarudia bilioni 1 baada ya siku 10. Dozi ya pili ikitolewa siku hiyo, kazi yote huanza upya. Ikitolewa siku ya 5, itakuta seli milioni 32 na kubakisha 32,000. Mwenye daftari na aendelee vivyo hivyo kila siku 5: dozi ya tano itabakisha seli 1 hivi.

Kielelezo hiki kina upungufu wake. Seli huishi kwa kusongamana, na zile za ndani hukosa oksijeni na chakula. Hivyo uvimbe mkubwa hupunguza mwendo. Mlinganyo ufaao hapa ulitungwa mwaka 1825 na Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyekuwa akichunguza vifo vya binadamu (hakuwa na habari yoyote ya seli!), na mwaka 1964 Anna Laird akautumia kueleza uvimbe wa wanyama. Kwa mlinganyo huo, mabaki madogo yaliyoachwa na dawa huongezeka upesi kuliko uvimbe wa awali, kwa kulinganisha na ukubwa wake.

Daktari, basi, angependa kuzikaribianisha dozi. Kinachomzuia ni uboho wa mtoto: nao una seli zinazojigawa upesi, dawa huziua pia, na zinahitaji siku kadhaa za kujirudisha.