Kumbukumbu za Makumbusho: Oldonyo Sambu Ipi?

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukauacha Mlima Meru mkono wa kulia, utafika Oldonyo Sambu. Ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na wasafiri wa Namanga wanaifahamu vizuri. Lakini iko Sambu nyingine, mlima wa volkano upande wa Ziwa Natron, karibu na mpaka wa Kenya. Huko si mbali na Peninj, ambako mwaka 1964 Kamoya Kimeu aligundua taya la zamadamu.

Sasa tuseme kabatini mwa makumbusho fulani iko kadi iliyoandikwa kwa wino miaka ya ukoloni: "Jiwe. Oldoinyo Sambu. Jimbo la Kaskazini." Je, jiwe hilo lilitoka Sambu ipi? Mtunzaji aliyekaa na kadi hizo miaka 30 huenda akajua, kwa kuwa anautambua mwandiko, na anajua mwenye mwandiko huo alitembea wapi. Hifadhidata ya kawaida haitambui mwandiko wa mtu. Itapokea jina kama lilivyo, na ikilazimishwa kuweka alama kwenye ramani itaiweka popote ilipoagizwa. Tena herufi moja ikizidi, Oldonyo na Oldoinyo kwake ni mahali pawili, ingawa kwa Mmaasai yote mawili ni mlima.

Hapa ndipo ilipo kazi kubwa ya kuhamisha orodha za makumbusho kutoka kwenye kadi, daftari au kompyuta ya zamani kwenda kwenye hifadhidata mpya. Wengi hudhani ni kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. La hasha! Fundi huja mwishoni. Kwanza mtunzaji hupita rafu kwa rafu akiwa na orodha mkononi, maana vipo vitu visivyo na kadi, na zipo kadi ambazo vitu vyake havionekani. Namba moja ikiwa imepewa vitu viwili, ni afadhali ijulikane mapema.

Kisha kuna namba na tarehe, na hapa mashine ina ujanja wake wa kuudhi. Namba ya kitu ikiandikwa 3/4, programu ya majedwali huweza kuigeuza kuwa tarehe bila kukuuliza. Sifuri za mbele hutoweka. Na kadi ikisema "1920 hivi", mfumo usiokubali neno "hivi" utamfanya karani aandike 1920 kavu, na kisio la jana litageuka kuwa ukweli wa leo.

Labda utauliza, msikilizaji, haya yana faida gani kwa mwananchi? Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Tanzania, alitembelea Makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford, Uingereza. Miongoni mwa vitu vya Kimaasai vilivyohifadhiwa kule, vitano vilionekana kuwa havikupaswa kabisa kuwa mikononi mwa wageni. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba akifariki humwendea mwanawe mkubwa. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi. Kadi ikiandika "bangili" tu, nani atajua kwamba kuna ukoo unaokikosa? Na jina la kijiji likifutwa kwa sababu halikuenea kwenye kisanduku cha mfumo mpya, ukoo huo utaanzia wapi kudai?

Kwa hiyo watunzaji makini hawafuti maneno ya zamani, hata yakiwa na makosa au matusi ya kikoloni. Huyaacha kama yalivyo mahali pake, na pembeni huandika jina sahihi la leo, nani aliyesahihisha, na lini. Halafu huhamisha rekodi chache kwanza, mia moja hivi, tena zile ngumu, wakazilinganisha na kadi moja baada ya nyingine. Kadi zenyewe hazichomwi moto.

Na lile jiwe letu? Kama hakuna shahidi, liandikwe hivi: "Oldoinyo Sambu, kama ilivyo kwenye kadi, haijathibitika kama ni kata ya Arusha au mlima wa Natron." Mfumo usio na nafasi ya sentensi hiyo usinunuliwe.