Bidhaa moja, linki moja

Hili somo ni la wale tuliotengenezewa tovuti mbili: moja ya kompyuta, nyingine ya simu, ile linki yake inaanza na m.

Mimi nauza viungo vya Uluguru hapa Bigwa. Mdalasini ulipopanda nilibadilisha bei upande wa kompyuta, wa simu nikasahau. Mteja wa Dodoma akanitumia picha ya bei ya zamani. Nikamuuzia hivyo hivyo, hasara yangu. Kumbe hasara kubwa ilikuwa Google.

Iko hivi. Kurasa mbili zikiwa na maneno yale yale, Google haikufungii, hayo ni maneno ya mtaani. Inaziweka fungu moja, inachagua moja ya kuonyesha. Inaweza kuchagua usiyoitaka wewe. Halafu Oktoba 2023 Google ilitangaza imemaliza kuhamia kwenye kusoma upande wa simu kwanza. Sasa fundi wangu alikuwa amepunguza maelezo huko kwenye simu ili ufunguke haraka. Neno "Uluguru" halikuwepo kabisa! Mtu akitafuta mdalasini wa Uluguru mimi natokea wapi?

Dawa yake:

1. Kuwa na tovuti moja inayojipanga yenyewe kufuata ukubwa wa kioo. Mafundi wanaiita risponsivu. Linki moja, maneno yale yale, mpangilio tu ndio unabadilika. Google wenyewe wanashauri hii.

2. Linki za zamani usizifute tu. Mwambie fundi azielekeze kwenye mpya kwa 301, ili mteja aliyehifadhi linki yako asikutane na ukurasa uliokufa.

3. Ndani ya ukurasa mmoja usiandike bei mara mbili, moja ya simu, moja ya kompyuta. Utasahau moja kama mimi.

4. Hela ya fundi haijapatikana? Aweke walau tegi ya kanonikali inayoonyesha ukurasa mkuu ni upi, na wewe hakikisha bei na maelezo yanafanana pande zote.

Kujipima: nenda Google, andika site: halafu jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Ukiona bidhaa moja imetokea kwa linki mbili, kazi ipo.

Mtumie na mwenzako anayetaka kumlipa fundi wiki hii, kabla hajalipa.