Ini Lenye Mafuta si la Walevi Peke Yao

Ndugu wanakikundi, mama akiambiwa ini lake lina mafuta, majirani hunong'ona kwamba anakunywa kwa siri. Tusiwe wepesi kulaumu. Mwaka wa 1980 Daktari Jurgen Ludwig wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa wasio walevi, ambao maini yao yalifanana kabisa na ya walevi.

Mambo huenda hivi. Ukila, kichocheo kiitwacho insulini huziambia seli zipokee sukari. Mtu akinenepa sana, hasa tumboni, seli huwa kama mtoto aliyezoea kufokewa: haziitikii. Basi mwili hutoa insulini zaidi. Mafuta ya tumboni nayo huvuja kwenye damu hadi kwenye ini, na ini lenyewe, likisukumwa na insulini ile, hugeuza sukari kuwa mafuta. Yakizidi, seli huvimba, kisha makovu. Maumivu? Mara nyingi hakuna.

Wengine wamezaliwa na aina ya jeni ya PNPLA3 inayokwamisha mafuta ndani ya ini. Hata hivyo, mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 6 hadi 8 polepole, uvimbe waweza kutulia. Sisi wa vijiko vinne kwa kikombe, tuanzie kwenye chai.