Nguruwe Mwitu Hana Habari na Mwezi

Wawindaji na wenye ranchi wa Texas wana swali moja wasilolichoka: nguruwe mwitu hutoka saa ngapi, na mwezi ukiwa wa siku ngapi? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu, maana mfukoni ana jedwali la saa za mwezi, la aina iliyobuniwa na Mmarekani John Alden Knight mwaka 1926. Linadai kwamba wanyama huchangamka mwezi unapokuwa utosini na unapokuwa upande wa pili wa dunia, chini ya nyayo zetu.

Hebu tulipime. Majedwali haya kwa kawaida hutoa vipindi vinne kwa siku: viwili vya takriban saa mbili, viwili vya takriban saa moja. Jumla ni saa sita, yaani robo ya siku nzima. Mnyama anayezunguka akila atakutwa ndani ya robo hiyo mara kwa mara hata kama jedwali lingepangwa kwa kupiga bao. Tena anayeliamini huvizia saa hizohizo tu. Saa nyingine amelala, kwa hiyo hana cha kulinganishia. Atajitetea: lakini usiku wa mbalamwezi huonekana wengi! Lazima waonekane, maana kuna mwanga. Kabla ya darubini za kunasa joto kuenea, mbalamwezi ndiyo iliyokuwa taa ya mwindaji. Uwezo wake wa kuona ndio uliozidi, nguruwe ni walewale. Nazo tafiti zilizowafuatilia kwa kamera za kutegwa na kola za GPS zinagongana kuhusu mwezi: mahali pengine mwanga wake hupunguza matembezi yao, pengine haubadilishi kitu. Jambo lenye kigeugeu namna hiyo halipangiwi ratiba ya dakika.

Yanayopanga saa za nguruwe ni mambo ya kawaida mno, na pengine ndiyo maana hayana wateja. Kwanza joto: mwili wake haupozwi na jasho, kwa hiyo kiangazi cha Texas humlaza matopeni au kichakani mchana na kumtoa usiku. Hali ya hewa ikipoa, unaweza kumkuta mchana kweupe akifukua malisho. Pili bughudha: kundi linalofyatuliwa risasi mchana hujifunza haraka kula gizani. Tatu chakula: mashine ya kulishia kulungu humwaga mahindi kwa saa aliyoitega mwenye ranchi mwenyewe, kisha mtu huyohuyo anauliza mwezi unasemaje.

Wapo watakaosema: basi mwezi tuuache, tupe saa sahihi tuwamalize. Kwa bunduki peke yake hamtawamaliza. Texas inakadiriwa kuwa na zaidi ya nguruwe mwitu milioni 2, na jike huweza kuzaa kabla hajatimiza miaka miwili, watoto wanne hadi sita kwa kawaida. Wataalamu hukadiria kwamba ili idadi isipande, takriban theluthi mbili yao waondolewe kila mwaka. Uwindaji wa kawaida haufiki hata karibu. Tennessee ilijaribu: mwaka 1999 ikaruhusu kuwawinda mwaka mzima bila kikomo. Nguruwe wakaenea katika kaunti nyingi kuliko awali, kwa sababu watu waliwabeba na kuwaachia kwingine ili wapate mawindo. Mwaka 2011 jimbo likabadili sheria.

Kwa hiyo, haraka haraka. Tega kamera penye maji na penye udongo uliofukuliwa karibuni, ujue kundi lina wangapi na linakuja lini. Zima mashine ya kulungu au izungushie uzio. Jenga mtego wa zizi, wazoeze mahindi ndani mlango ukiwa wazi, uufunge kwa mbali siku kundi zima limeingia. Ukinasa nusu, nusu iliyobaki haitarudi. Usifyatue risasi eneo hilo kabla ya kutega. Penye uwanda mpana, helikopta inafaa, na sheria ya Texas inairuhusu. Bunduki ya usiku iwe ya kuwasaka waliokwepa mtego. Tangu 2019 huhitaji leseni ya uwindaji kwenye ardhi binafsi, mradi una ruhusa ya mwenye ardhi. Vaa glavu unapochuna, kwa sababu ya bruselosi. Na ukitaka kujua watakuja saa ngapi, angalia picha za kamera yako.