TEZI NA MSIMBO: Suala la Istilahi katika Kumbukumbu za Maradhi ya Pituitari, Kericho na Bomet

1. Lugha tatu na tarakimu

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, maelezo ya ugonjwa mmoja aghalabu hupita katika lugha tatu kabla ya kutulia katika faili. Mgonjwa huyawaza kwa Kipsigis, mojawapo ya lugha za jamii ya Kikalenjin, au kwa Kigusii, Kiluo au Kiluhya, kwa kuwa mashamba makubwa ya chai yaliyoanzishwa katika miaka ya 1920 yalivuta wafanyakazi kutoka pande nyingi. Mbele ya muuguzi huyasema kwa Kiswahili. Daktari huyaandika kwa Kiingereza. Mwishowe karani wa rekodi huyageuza kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu chache ambazo wizara na mfuko wa bima huzisoma badala ya maneno yote yaliyotangulia.

Makala haya yanakusudia kuichunguza safari hiyo kwa mfano wa tezi ya pituitari inayofanya kazi kupita kiasi. Maradhi haya ni haba, lakini yanaonyesha wazi jinsi neno moja lisilobainishwa liwezavyo kumpoteza mgonjwa.

2. Mpango wa misimbo

Pituitari ni tezi ndogo, kadiri ya punje ya njegere, iliyo chini ya ubongo. Hutoa homoni zinazoongoza ukuaji, uzazi na kazi za tezi nyingine. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, kuzidi kwa kazi yake kumepewa msimbo E22. Humo, E22.0 ni akromegalia na ujitu, yaani ziada ya homoni ya ukuaji, E22.1 ni wingi wa prolaktini, homoni ya maziwa; E22.2 ni utoaji usiofaa wa homoni inayopunguza mkojo; E22.8 ni mengineyo, na E22.9 ni hali isiyobainishwa. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi mwaka 2022, limeliweka kundi hili katika 5A60.

Wala si kila ziada ya pituitari huingia katika E22. Ikizidisha homoni inayochochea tezi za juu ya figo, huo ni ugonjwa wa Cushing, nao una msimbo E24.0. Ikizidisha homoni inayochochea tezi ya shingo, msimbo ni E05.8, miongoni mwa maradhi ya tezi ya shingo yenyewe. Uvimbe wa pituitari usio saratani nao una msimbo wake, D35.2. Kwa hiyo daktari akiandika tu kwamba pituitari imezidi kazi, karani hana njia ila E22.9. Kazi yake ni kufasiri kilichoandikwa, si kutambua ugonjwa. Hata akiyaona majibu ya maabara, haimpasi kukisia.

3. Neno "tezi"

Kiswahili kina neno moja, tezi, kwa dhana nyingi. Katika biolojia ni kiungo chochote kinachotoa majimaji au homoni. Katika usemi wa kila siku, mtu akiambiwa kwamba fulani ana tezi, huelewa uvimbe wa shingo. Na mzee wa kiume akisema ana tezi, huenda akakusudia tezi dume. Hivyo neno lile lile hutaja kiungo chenye afya na kiungo kilichougua.

Tatizo huonekana mgonjwa anapohama kutoka zahanati ya shambani kwenda hospitali kubwa, iwe ya Kericho, ya Longisa au ya Tenwek. Tuseme aliambiwa ana "tezi ya kichwani", naye akafika akisema ana "tezi". Anayeandika aweza kuielekeza historia yake kwenye E04, kundi la uvimbe wa tezi ya shingo, na swali la pituitari likapotea. Ndiyo sababu istilahi kamili, "tezi ya pituitari", haipaswi kufupishwa katika maandishi wala katika mazungumzo na mgonjwa.

4. Kukua, kuvimba na tasfida

Vitenzi navyo vina hatari yake. Chukuliwe mfano wa mchuma chai asemaye kwamba gambuti zake hazimtoshi tena na pete haitoki kidoleni. Mwandishi mwepesi ataandika kwamba mikono na miguu imevimba, na hapo njia ya R60, uvimbe wa maji, imefunguka. Lakini katika akromegalia mkono haujai maji tu: mifupa na nyama laini hukua pole pole kwa miaka. Tofauti kati ya kukua na kuvimba, ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayo, ndiyo tofauti ya tiba. Ugonjwa ukiachwa, mgonjwa huweza kupata kisukari na shinikizo la damu. Na uvimbe wa pituitari ukikua, huweza kubana neva za macho na kumpunguzia uoni.

Tasfida nayo ina sehemu yake. Mwanamke asemaye "sijaona siku zangu" huulizwa habari za mimba, na huenda asiulizwe kama matiti yanatoa maziwa ilhali hanyonyeshi. Mambo hayo mawili yakiandikwa mbalimbali huwa N91 na N64.3, yakiunganishwa na kipimo cha prolaktini, daktari aweza kuufikia uamuzi wa E22.1.

5. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapana kizuizi, basi, cha kuyaandika maneno ya mgonjwa mwenyewe kwa Kiswahili kando ya uamuzi wa daktari. Kumbukumbu timilifu yafaa itaje mambo manne: tezi gani, homoni gani imezidi, chanzo chake, na madhara yaliyokwisha kuonekana.

Mabaharia, ambao kwao tezi ni upande wa nyuma wa chombo, husema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msimbo ukitiliwa shaka, marejeo ni maneno ya mgonjwa. Nayo hayana budi yawe yameandikwa.